Baharini Hakuna Duka

Siku ile tulikuwa watu tisa chumbani. Alikuwapo Ami Hamadi, ndugu mkubwa wa baba, aliyetoka Kilifi alfajiri na kutaka kurudi kabla ya Alasiri. Alikuwapo Shangazi Khadija wa Malindi, mkoba mapajani kama msafiri anayengoja basi. Bi Zena wa nyumba ya mkabala. Bi Nuru wa ghorofa ya juu yetu. Mdogo wangu Athman, miaka kumi na minne, Rukia, kumi na mmoja, Maimuna, sita. Mimi, kumi na minane. Na yule mzee wa chumba cha darini, baharia mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mpishi wa Meli.

Mpishi wa Meli hakualikwa. Alikuja kwa sababu ya viti. Wageni walikuwa wengi kuliko viti vyetu, nikamtuma Athman akaazime viwili kwake, na mzee yule alikuwa na desturi kwamba kitu chake hakiendi mahali peke yake. Viti vikashuka ngazi, mwenyewe akashuka navyo. Kimoja akakikalia. Cha pili alikikalia Shangazi, na muda wote wa kikao mzee alikuwa akiitazama miguu ya kiti kile kila Shangazi alipojigeuza.

Baba alikuwa ametangulia miaka miwili nyuma. Arubaini ya mama ilikuwa imekwisha wiki iliyopita. Ami alizungumza vizuri, sina la kumlaumu. Alisema Athman atakwenda naye Kilifi akasaidie dukani. Rukia na Maimuna watakwenda Malindi kwa Shangazi. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule tangu mama alipoanza kuugua, na kulikuwa na bwana mmoja wa Mtwapa, mjane, mtu wa heshima, mwenye watoto wanne, aliyekuwa ameuliza habari zangu. Nyumba itarudishwa kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Maimuna alikuwa amenishika leso yangu kwa mikono miwili.

Hapo mwenye viti akakohoa.

"Samahani, Bwana Hamadi. Tatizo la nyumba hii ni nini? Adabu au chakula?"

Ami akasema adabu watoto wanayo, Alhamdulillahi. Tatizo ni chakula.

"Basi usiwagawe. Chakula ni kazi yangu."

Akaeleza kwamba alilisha mabaharia ishirini na sita kwa miaka thelathini, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa njaa, ingawa wawili walimtishia kwa kisu kwa mambo mengine. Alichotaka ni safari tatu. Safari, kwa hesabu yake, ni mwezi. Ami atoe posho mara moja tu kwa safari, tarehe mosi: unga, mchele, sukari, mafuta, mbaazi, kiasi atakachokitaja yeye. Kodi na senti za mboga nitazitafuta mimi, dada yao. Asitoe kitu kingine mpaka tarehe mosi inayofuata. Chakula kikiisha njiani hata mara moja katika safari hizo tatu, watoto wagawanywe, na yeye mwenyewe atawabebea mabegi mpaka stendi.

Ami alikuwa mfanyabiashara. Aliuliza posho hiyo ni kiasi gani, akaambiwa, akapiga hesabu kwa vidole. Ilikuwa sawa na gharama ya kumlisha Athman peke yake Kilifi, kwa vile Athman alivyokuwa akila. Akasema, "Haya, safari tatu." Mzee akanyanyuka, akamwomba Shangazi radhi, akachukua viti vyake vyote viwili akapanda navyo juu. Shangazi akamalizia kikao amesimama.

Jina la mzee sitaliandika. Nililijua baadaye sana, nilipomsaidia kujaza fomu, na lilinishangaza kama kumwona mtu uliyemzoea na kanzu amevaa suruali. Mtaani hakuna aliyelitumia. Hata imamu alikuwa akimwambia, "Mpishi, sogea mbele ujaze safu."

Alikuwa mtu mfupi, mwenye masikio makubwa, na shati jeupe lililonyooka kama karatasi. Wanga wa kunyooshea shati lile ulikuwa maji ya wali, ambayo sisi tuliyamwaga na yeye akayaomba. Barabarani alitembea upande wa kivuli tu, hata ikimlazimu kuvuka mara nne, kwa maelezo kwamba jasho ni sabuni na sabuni ni pesa. Alikwenda Mbaraki kumwona binti yake kwa miguu na kurudi kwa miguu. Madereva wa tuktuk walimjua. Walikuwa wakimfuata polepole na kumwambia, "Babu, panda bure." Hakupanda. Alisema cha bure kinakuzoesha, na kesho utalipa kwa sababu miguu imesahau.

Sasa, mwanamume asiye ndugu haingii jikoni kwa msichana, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Kwa hiyo darasa langu alilifundishia ngazini. Asubuhi alishuka, akakaa kidato cha tatu nje ya mlango wetu, mgongo ameuelekeza kwetu, uso ukutani, na kutoka hapo akaendesha jiko asiloliona. Alitumia pua na masikio.

"Kitunguu kimeanza kuungua, Bi Mkubwa." Aliniita Bi Mkubwa tangu siku ya kwanza, wala hakuwa akitania. "Na mafuta umetia miko miwili. Nimesikia."

Nikasema ni mmoja.

"Mmoja na nusu, basi."

Ilikuwa mmoja na nusu.

Sheria yake kubwa ilikuwa hii: baharini hakuna duka. Nyumba yetu ilizungukwa na maduka. Ukitoa mkono dirishani ungeweza kununua kiberiti. Yeye akasema hapo ndipo maskini anapoliwa. Mafuta ya kupimiwa kikombe, sukari ya kufungiwa kwenye kijikaratasi, majani ya chai ya pakiti ndogo: mtu ananunua kidogo kidogo kila siku na mwisho wa mwezi amelipa bei ya gunia bila kuliona gunia. Basi tarehe mosi tuling'oa nanga. Posho ikaingia stoo, stoo ikafungwa, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso. Kila asubuhi nilipima cha siku hiyo kwa kopo moja la maziwa ya unga lililokatwa mdomo, kisha nikafunga tena. Mtu aliyekwenda dukani katikati ya mwezi alihesabiwa kuwa amejirusha majini.

Rukia alijirusha wiki ya kwanza, alipotoroka kununua kashata. Aliporudi alimkuta Mpishi wa Meli kidato cha tatu.

"Umeogelea mpaka wapi?" akamwuliza.

"Mpaka kwa duka la kona."

"Papa hawakukuona?"

Rukia alilia, kisha akacheka, kisha akamgawia kipande cha kashata. Mzee akakipokea. Alisema chakula kilichookotwa baharini hakitupwi.

Mambo mengine nayafanya hadi leo na sijui kuyaacha. Sabuni ya mche tuliikata vipande siku ileile ya kuinunua, tukaianika darini wiki nzima, kwa sababu sabuni kavu haiyeyuki upesi. Maji ya kisima cha uani, ambayo yana chumvi, yalikuwa ya kuoshea vyombo na kufulia. Maji matamu ya mkokoteni yalikuwa ya kupikia na kunywa tu, na mtu aliyenawa miguu kwa maji ya mkokoteni alitajwa kwa jina mbele ya wengine. Taa iliwashwa moja, watu wote wanne chini yake, vitabu, nguo za kushona, mchele wa kuchambua. Samaki nilikwenda kuwanunua ufukweni Liwatoni saa nne, si alfajiri. Alfajiri wananunua wenye hoteli. Saa nne muuzaji amechoka, jua limempiga, anataka kwenda kulala, na vichwa vya changu anakupa kwa bei ya kukushukuru.

Nazi tuliikamua mara nne. Nilimwambia kwamba mama alikuwa akikamua mara mbili, na watu wabahili mara tatu. Akasema tui la nne ni maji yaliyowahi kusikia habari za nazi, lakini ugali hauna majivuno, utapikika nayo. Chicha iliyobaki tukaikaanga na pilipili na ndimu, tukaila na mihogo. Athman hadi leo anaiomba.

Na tulilaza chungu. Mbaazi hula makaa mengi, kila mtu anajua. Yeye akanifundisha kuzichemsha robo saa tu, kisha kufunika chungu vizuri, kukiviringisha kwenye blanketi zito na kukiacha mpaka adhuhuri, mbaazi ziive kwa joto lao wenyewe. Mahali pazuri palikuwa kitandani kwangu, mbali na miguu ya Maimuna. Siku moja Bi Zena akaingia kutujulia hali, akaona kitandani kitu kimefunikwa gubigubi. Akakaa pembeni polepole, akauliza kwa sauti ya chini ni nani anayeumwa.

"Ni mbaazi," akajibu Maimuna.

Bi Zena akasema, "Mungu ampe shifaa," kabla hajaelewa.

Pesa nilizipata kwa mahamri, ambayo unga wake ulikuwa mbali na ule wa stoo. Nilianza kuyachoma saa kumi alfajiri na kuyapeleka kwa mama mmoja mwenye mkahawa mdogo Makadara. Mpishi alitaka kujua unga wangu unatoa mahamri mangapi, akakaa akifikiri, kisha akaniambia nisiyapunguze ukubwa. Nilishangaa. Mtu aliyepima chumvi kwa ncha ya kisu ananiambia nisibane? Akasema bana tumboni mwako, usibane tumboni mwa mnunuzi, yeye ana miguu.

Ningependa kusema aliishi kama alivyosema. Hakuishi hivyo.

Kwanza, hakujua kupika. Jambo hili lilituvunja moyo sana. Mwezi wa pili nilipata homa siku mbili, naye akatangaza kwamba atapika yeye, kwake darini, na chakula kitateremshwa. Watoto hawakulala kwa hamu. Kilichoteremshwa kilikuwa viazi na kabeji, vimechemshwa pamoja mpaka haikujulikana kipi ni kipi, na chumvi. Athman akakitazama.

"Babu, mabaharia walikuwa wanakula hiki?"

"Kila siku."

"Na walikuwa hawasemi kitu?"

"Wangekwenda wapi?"

Ikawa wazi kwamba kwa miaka thelathini hakuna mtu aliyewahi kukisifu chakula chake. Kazi yake ilikuwa kukifanya kifike. Biriani alikuwa akiizungumzia kama mtu anayezungumza habari za ufalme aliouona kwa mbali.

Pili, halua. Safari ya kwanza sukari ilituishia tarehe ishirini na sita kwa sababu nilipima vibaya. Nililia, nikidhani ndio mwisho wetu. Akasema kuisha sukari si kuzama, sukari si chakula, ni muziki. Siku nne tukanywa chai kavu, bila sukari, na yeye akawa anashuka na kikombe chake kunywa kavu pamoja nasi, akikunja uso kwa kila funda ili tusijione peke yetu. Siku ya tatu Rukia akapanda darini kuanua nguo akamkuta nyuma ya tangi la maji, na halua ya robo kilo mapajani, anakula kwa vidole.

"Babu, si tuko baharini?"

"Imepita mashua," akasema, mdomo umejaa. "Inauza."

Alimpa nusu ili anyamaze. Rukia aliimaliza kwanza, akajifuta mikono, ndipo akashuka kuja kuniambia.

Bi Nuru alimtania bila kuchoka. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyeishi kwa kushona nguo, na ngazi zilimpitisha mbele ya mzee mara kumi kwa siku. Aliwahi kumwuliza, "Mpishi, siku ukifa tukuoshe kwa maji ya kisima au ya mkokoteni?"

"Ya kisima. Ya mkokoteni yawekeni, kutakuwa na wageni watakaotaka chai."

Kisha ikafika safari ya tatu, na safari ya tatu ikaangukia Ramadhani, siku kwa siku.

Ramadhani mtaani kwetu nyumba hupelekeana futari. Kati ya Alasiri na Maghribi sahani zinapita barabarani zimefunikwa vitambaa, na sheria ni moja: sahani ya mtu hairudi tupu. Siku ya kwanza, kwa kuwa sisi ni yatima na watu wana imani, ziliingia sahani kumi na moja. Sambusa, kaimati, mkate wa sinia, viazi vya nazi. Watoto walikuwa wakizunguka meza kama harusini. Nje ngazini mzee alikuwa amehesabu milio ya mlango.

"Ngapi?"

"Kumi na moja, Babu."

"Mmekwisha," akasema.

Alikuwa sahihi. Sahani kumi na moja zilitaka kurudi na vitu kumi na moja, na unga wetu ulikuwa wa watu wanne. Kukataa sahani ni matusi. Kurudisha tupu ni aibu. Nilikaa jikoni nikazitazama zile sahani nzuri za maua nikaona mabegi yameshafungwa.

Asubuhi yake akaja na dawa. Aliniuliza kama nimewahi kuona kontena bandarini za kwenda Uganda. Nani anazila? Hakuna, zinapita tu. Basi na sahani ni hivyohivyo. Kitakachotoka kwa Bi Zena, nusu tule, nusu kiwekwe kwenye sahani ya nyumba nyingine. Cha nyumba nyingine, nusu tule, nusu kwa Bi Zena. "Huo mzigo si wenu," akasema, "ni transiti."

Nilijua si jambo la kujisifia. Lakini lilifanya kazi. Athman na Rukia walikuwa makarani wa transiti, wakibadilisha sahani mezani kwa haraka huku mzee akiuliza kutoka ngazini, "Ya Bi Nuru imetia nanga wapi?" na Rukia akijibu, "Kwa Bi Zena, Babu." Siku kumi na nane hatukukosea.

Siku ya ishirini Ami na Shangazi walikuja kufuturu kwetu. Hawakusema wamekuja kukagua. Shangazi alileta mkoba mkubwa kuliko wa mara ya kwanza, na Rukia akaupima kwa macho kuona kama nguo zake zitaenea.

Kabla ya Maghribi Bi Nuru alituletea sambusa, nzuri, zimekunjwa kwa ustadi. Tukaweka nusu mezani kwa Ami, na nusu tukaitia kwenye sahani ya Bi Zena, Athman akaivusha barabara. Hakuna aliyeonja. Tungeonjaje, tumefunga?

Adhana ikaadhiniwa. Ami akafungua kwa tende na maji, akachukua sambusa, akatafuna. Akasimama kidogo. Akatafuna tena. Shangazi naye. Sambusa hazikuwa na chumvi hata chembe. Ami, kwa ustaarabu, akaomba chumvi.

Tulikuwa tumemaliza kuswali tu mlango ulipogongwa. Bi Zena alisimama pale na sahani yake, kitambaa amekiweka begani.

"Sabalkheri haifai saa hii," akasema, "lakini nimekuja kuwaeleza kisa. Leo nimepika sambusa, na saumu ikanisahaulisha chumvi. Nikampelekea Bi Nuru kabla sijajua. Adhana imeadhiniwa, nimeuma moja yangu, nikaona aibu yangu. Nikasema basi nile za jirani, hizi mlizoniletea." Akatuinamishia sahani. "Nazo hazina chumvi. Na mkunjo ni wangu. Sambusa zangu zimetembea mtaani zikarudi nyumbani."

Shangazi akaweka kikombe chini. Aliuliza kama ndivyo tunavyoishi, kuchukua sadaka ya watu huku na kuirusha kule. Alisema maneno mengine, na kila neno lilikuwa na haki yake, ndiyo maana yalichoma. Mwisho akamgeukia Ami akamwambia, "Hamadi, umeona. Watoto hawa hawawezi."

Maimuna akaja akasimama nyuma yangu.

"Niliyewaambia ni mimi," sauti ikasema kutoka kidato cha tatu. "Mwenye kosa asiwe mtoto."

Na kabla Shangazi hajajibu, kicheko kikaanza ghorofa ya juu. Kilishuka ngazi kabla ya mwenyewe, kisha Bi Nuru akatokea, anashikilia ukuta, machozi yanamtoka.

"Bi Zena, shoga yangu, nisamehe. Ulizoniletea nimeziteremsha hapa vilevile. Nina nguo saba za Idi za kushona, nitapika saa ngapi? Tangu mwezi mosi napokea kwako napeleka kwao, napokea kwao napeleka kwako."

Bi Zena akamkazia macho. Bi Nuru akajifuta uso na ncha ya leso. "Na wewe nikuulize," akasema, polepole sasa. "Zile kaimati za Ijumaa ulizoniletea. Ulipika mwenyewe?"

Barabarani ilipita pikipiki. Bi Zena akaitazama sahani yake.

"Shira ilikuwa yangu," akasema.

Kutoka ngazini tulisikia mzee akimshukuru Mungu kwa sauti.

Ami hakucheka. Aliniomba ufunguo wa stoo. Niliufungua kwenye pindo la leso, akaingia na tochi ya simu na tukamsikia akinyanyua vifuniko. Unga ulikuwapo. Mchele ulikuwapo. Sukari, mafuta, mbaazi, vyote vilikuwapo kwa siku kumi zilizobaki, na unga ukizidi. Alikaa humo muda mrefu kuliko ukubwa wa stoo.

"Khadija," akaita kutoka ndani. "Kwako kumebaki nini?"

Shangazi akazungusha bangili. Akasema kwake walianza kukopa dukani tangu tarehe kumi na nne, lakini kwake kuna wageni wengi.

Ami akatoka, akafunga mlango wa stoo mwenyewe, akanirudishia ufunguo. "Watakaa hapahapa," akasema. Kisha akaketi akachukua sambusa nyingine, akainyunyizia chumvi.

Tulikaa. Posho ya Ami ikaendelea miaka minne mpaka Athman alipopata kazi bandarini, na baada ya hapo tuling'oa nanga wenyewe kila tarehe mosi. Rukia ameolewa Likoni. Maimuna, yule wa kunishika leso, yuko chuoni anasomea uuguzi, na wenzake wananiambia chumbani kwao hakuna anayetupa kipande cha sabuni yeye akiwapo.

Mzee alituhama kwa sababu ya magoti. Binti yake akamchukua Mbaraki, kwenye fleti ya chini. Nilikwenda kumwona mwaka jana, baada ya Maimuna kuingia chuo. Nilimkuta barazani na shati lake jeupe, amekasirika. Wajukuu wake, aliniambia, wanafungua friji kutazama tu. Hawachukui kitu. Wanatazama, baridi inatoka, wanafunga, baada ya dakika tano wanakuja kutazama tena kama kuna kilichozaliwa. Mfereji unatoa maji matamu saa zote na hakuna anayeyaheshimu. Alisema maisha ya pale ni mazuri mno, hajui ataokolewaje.

Binti yake akatuletea chai. Mzee akangoja aondoke, ndipo akaniuliza habari za mabaharia. Nikamweleza mmoja mmoja, Athman, Rukia, Maimuna.

"Wote wametia nanga?"

"Wote, Babu. Alhamdulillahi."

"Nani alikula pungufu?"

Sikumwelewa. Akaeleza kwamba melini, safari ikiwa ngumu, kuna baharia atapunguziwa posho yake ili wengine wafike. Jina lake linakumbukwa. Meli ikitia nanga analipwa kile alichokosa, tena kabla mtu yeyote hajashuka kwenda mjini. Si zawadi, ni haki yake.

Nikasema kwetu hakuna aliyekula pungufu, tulibana sote sawa.

"Usinidanganye mimi, Bi Mkubwa. Posho ile niliipima mwenyewe. Watu wanne, siku thelathini, na kubana kote nilikwisha kukuhesabia: tui la nne, maji ya wali, kila kitu. Sikuacha ziada kwa sababu ami yako asingekubali. Siku ile alipofungua stoo, unga umezidi. Ulizidi kutoka wapi?"

Nikamwambia kwamba ugali sikuwa nikiupenda sana.

"Miezi mitatu hukuupenda?"

"Nilizoea."

"Na miaka iliyofuata?"

Nikanywa chai. Naye hakunitazama, alitazama barabara, kama alivyozoea kutazama ukuta.

"Nilijua usiku uleule," akasema. "Ningesema, wangewagawa. Nikanyamaza nikasema tutalipa bandarini. Sasa lipa."

"Nimlipe nani, Babu?"

Hapo alikasirika kweli, zaidi ya kwa friji. Aliniuliza niliacha shule nikiwa darasa gani. Nikamwambia kidato cha pili, muhula wa kwanza. Akasema basi nianzie hapo, muhula wa pili. Nikamwambia nina miaka thelathini. Akasema hakuniuliza umri, aliuliza deni.

Makadara, juu ya duka moja la vitambaa, kuna masomo ya jioni kwa watu wazima. Nimekwenda kuuliza mara tatu. Mara ya kwanza niliuliza ada, nikaona nikiibana mahali fulani inawezekana. Mara ya pili niliuliza vitabu. Mara ya tatu, Jumatatu hii, karani alinifungulia daftari la majina, akashika kalamu, akaniuliza mwanafunzi ni nani, mwanangu au mdogo wangu.

Nikamwambia nitarudi kesho. Leo ni Alhamisi.